Mzee Aliyesingizia Viatu

Nyinyi wasichana mnaokuja hapa kwangu Kisauni kabla ya safari, kila mmoja na kijidaftari chake, huniuliza mambo yale yale. Bi Mwanaisha, ufagio kwa Kiarabu huitwaje? Bi Mwanaisha, madam akikasirika nifanye nini? Bi Mwanaisha, ni kweli simu huchukuliwa? Nawajibu, nawapa chai, mnakwenda zenu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mzee hushikwaje. Na wengi wenu, wallahi, mtakwenda kulea wazee, hata kama mkataba umeandikwa kazi za nyumbani. Utafika, utaambiwa huyu ni Mama, huyu ni Baba, yalla, kazi. Basi leo fungueni vijidaftari niwaambie habari za wazee. Na nitawaambia na kosa langu humo humo, maana nimelinyamazia miaka mingi na sasa limenichosha.

Kwanza la kazi. Mzee hashikwi kifundo cha mkono akavutwa kama mbuzi wa Idi. Unampa mkono wako akushike yeye, kwa sababu anayeshika ndiye anayejua ataachilia lini. Unasimama upande wake ulio dhaifu, nusu hatua nyuma. Pindo la jalabia likigusa sakafu, likunje ulishone siku hiyo hiyo. Ndara zilizolika kisigino tupa, hata akilia. Akiamka usimwinue papo hapo; mketishe kitako ukingoni mwa kitanda, msalie Mtume mara kumi, ndipo asimame. Na yalla yalla hiyo mtakayofundishwa, kwa mzee haifai. Ukimharakisha mzee unamwangusha, hata kama hujamgusa.

Hayo yote nilifundishwa na Wardah, Mwindonesia niliyempokea kazi katika nyumba moja ya Al-Naseem, kule Riyadh. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, maajenti wakijaza ndege kwa wasichana. Mimi sikuwa msichana. Nilikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, na ajenti alinitazama kama muhogo uliolala. Lakini kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alitaka mtu mzima, Mwislamu, mwenye subira, kwa ajili ya wazazi wake wawili. Kafili mwenyewe alikuwa mwanamke, Madam Munira, mwalimu wa shule, aliyeachika na kurudi nyumbani kwa wazazi. Nikapata.

Wardah alikuwa amebakisha wiki mbili arudi kwao. Alinifundisha wazee, halafu akanifundisha kusafisha, na hapo ndipo alipokuwa na neno lake. Nyumba iliyosafishwa sawasawa, alisema, haionyeshi kwamba kuna mtu aliyepita. Hakuna duara la kikombe mezani, hakuna unywele kwenye sinki, hakuna kidole ukutani. "Wakikuta alama," aliniambia kwa Kiarabu chake cha kuimbaimba, "wamekuta uvivu wako." Nikalishika neno hilo kama dini. Nikawa hodari wa kufuta. Madam akiwa na wageni huwaonyesha kuta zangu, na mimi niko nyuma na trei ya kahawa, kichwa kimevimba.

Sasa nianze na Mama, maana Mama hakuwa mtu wa kungoja zamu. Jina lake watu walimwita Mama Nasir, kwa mwanawe mkubwa aliyekuwa akiishi Jeddah. Mama alikuwa akiogopa kuanguka, na alisema. Alisema asubuhi, alisema mchana, alisema akiwa amekaa. Kabla ya kusimama hupiga bismillahi, akaniita mimi, akamwita Madam, akamwita na Musyoka dereva, ambaye chumba chake kilikuwa nje getini na ndani kwa wanawake haingii hata kwa dawa. Siku moja alimpigia Madam simu katikati ya somo.

"Munira, nilikaribia kuanguka!"

"Wapi, Mama?"

"Bado niko kwenye kochi. Lakini nilikuwa nafikiria kwenda chooni."

Tulicheka mpaka tukalia. Lakini angalieni alichopata kwa kusema. Bafu lake lilitiwa vyuma vya kushikilia ukutani. Mazulia madogo yote yaliondolewa. Alinunuliwa kile chuma cha kutembelea chenye miguu minne, kikapigwa raba chini. Taa ya njiani haikuzimwa. Na mimi nilikuwa pembeni yake kutwa. Alianguka mara ngapi? Katika miaka yote niliyokaa naye, hata mara moja. Aliogopa kwa sauti, na nyumba nzima ikamzunguka.

Baba naye alikuwa akimcheka. "Mama Nasir, wewe huanguka kabla hujasimama." Baba alikuwa mtu wa malori. Ujana wake wote aliutumia barabara ya Riyadh na Jeddah, peke yake na mzigo nyuma, na alitembea kama mtu anayejua barabara inampisha. Msikiti ulikuwa nyuma tu ya nyumba, ukikata kona umefika. Alikwenda mara tano kwa siku, kwa miguu yake, fimbo hataki. Ukitaka kumjua Baba, maisha yake yalikuwa ni huo msikiti. Ndiko waliko rafiki zake waliosalia, wazee watatu wanne wanaokaa ukutani baada ya swala ya alasiri kuwasengenya wanasiasa na madaktari. Akiwakosa siku moja, huwa mkali kama pilipili.

Siku moja tuliwapeleka wote wawili zahanati. Mimi nimemshika Mama, Musyoka yuko na Baba. Muuguzi alikuwa na fomu, akamuuliza kila mmoja maswali, na swali moja lilikuwa: unaogopa kuanguka? Mama akajibu kabla swali halijaisha. "Sana! Andika, sana!" Akaendelea kusimulia mpaka muuguzi akaweka kalamu chini. Zamu ya Baba, akaulizwa lile lile. Akamtazama yule muuguzi kama ameulizwa anavaa hijabu.

"Mimi? Mafi, hakuna. Mimi ni mwanamume."

Muuguzi akatia alama yake, akafunga faili. Njiani Musyoka akaniambia, "Huyu mzee ako sawa, sister. Ni strong kuliko mimi." Musyoka alikuwa mtu wa Machakos, Mkristo, kijana mwenye moyo mzuri, Kiswahili chake anakikatakata kama sukuma wiki. Nami nikaitikia, kweli, Baba ni chuma.

Lakini chuma hicho kilianza kukosa swala. Kwanza alfajiri. Alisema baridi, na kweli Riyadh wakati wa baridi huuma, basi tukaamini. Kisha isha. Alisema amekula sana. Kisha adhuhuri, jua kali. Zikabaki alasiri na magharibi. Na hizo nazo zikaja na habari ya viatu. Viatu hivi vinabana. Viatu hivi vinateleza. Viatu hivi soli yake ni ya kijinga, nani aliyevinunua? Katika mwezi mmoja Musyoka alitumwa sokoni mara tatu kuleta ndara mpya. "Huyu mzee anabadilisha viatu kama model," akasema, nasi tukacheka tena. Tulicheka sana katika nyumba ile, na mara nyingi tulikuwa tukicheka kitu kisichochekesha.

Wanangu, andikeni hili. Mwanamke mzee akiogopa kuanguka atakwambia, tena atakuchosha. Mwanamume mzee hasemi. Anasingizia. Anasingizia jua, anasingizia tumbo, anasingizia kiatu. Msidhani ni Waarabu peke yao. Kaka yangu Omari wa hapo nyumba ya nyuma, aliyekuwa akipanda minazi akiimba, huu mwaka wa tatu hapandi. Ukimuuliza, anasema minazi ya siku hizi haina nazi. Nanyanyua kichwa, naona madafu yamejaa juu, halafu nanyamaza. Sasa najua kunyamaza kwa heshima. Zamani nilinyamaza kwa upofu.

Tuje kwenye ukuta. Kutoka majlisi ya Baba, pale alipokaa na kupokea wageni wake, kulikuwa na korido ndefu. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa rangi ya maziwa, rangi ya mateso, inayoonyesha kila kitu. Na kila asubuhi nilikuta alama. Zilianzia kwenye mlango wa majlisi, zikaenda na ukuta mpaka mwisho wake, usawa wa kiuno changu. Vidole na kiganja, vidole na kiganja, alama za mafuta. Mimi nikasema ni watoto wa jirani, wanaokuja kucheza na paka, hawana adabu wale. Nikafuta. Kesho yake zipo, nikafuta. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Nilinunua hadi sabuni maalumu, nikaificha nisije nikaibiwa siri ya weupe wa kuta zangu.

Na kitambaa changu, nisikilizeni, kilinukia udi. Kila siku. Baba alikuwa na kichupa chake cha mafuta ya udi, na kabla ya kwenda msikitini hujipaka viganja akasugua. Mtoto gani wa jirani anayejipaka udi wa bei ile? Nilikifua kitambaa kile kwa mikono hii, nikakinusa, nikasema kitambaa kinanukia vizuri leo, nikakianika. Nikitaka kulia mpaka leo, nikumbuke hapo tu.

Kisha vikaja viti. Pale ukuta ulipoishia, korido ilifunguka ukawa ukumbi, na kutoka hapo mpaka mlango wa nje kulikuwa na kama hatua saba nane ambazo hazina kitu. Sakafu tupu ya marumaru. Basi nikaanza kukuta viti vya majlisi vimesimama katikati ya ukumbi ule. Kwanza kimoja. Nikakirudisha. Jioni kipo tena. Baadaye viwili, hatimaye vitatu, vimepangana kuelekea mlangoni, migongo yake upande mmoja. Nikamwendea Musyoka kwa hasira.

"Wewe, huna chumba chako? Mbona unaketi ukumbini kwa watu?"

"Aki sister, mimi siketi huko! Mimi niko na kiti yangu."

"Basi ni jini?"

"Uliza paka."

Sikumwamini, tukanuniana siku mbili. Mwishowe nikachoka, nikaviacha pale, nikawa napiga deki nikizunguka miguu yake. Baba alikuwa akipita na kukaa kidogo, ama kusimama ameshika mgongo wa kiti akirekebisha kilemba chake, kisha anaendelea. Alirekebisha kilemba mara tatu kabla ya kufika mlangoni. Na mimi nikaona ni utanashati.

Mkiniuliza kwa nini sikumshika, jibu ni kwamba haifai. Mimi si maharimu wake, mkono wangu haugusi wake. Musyoka angeweza, na siku moja alijaribu, akampa mkono pale kwenye kizingiti. Baba akautazama mkono ule. "Gari liko wapi?" akamuuliza. Musyoka akasema nje. "Basi kalishike gari." Tangu hapo Musyoka akawa anatembea nyuma yake kwa mbali kama mpelelezi.

Ikaja Idi. Mnaokwenda mtaona, wiki ya Idi katika nyumba za kule mtu hana mgongo. Mapazia, mazulia, vioo, masufuria ya kupikia mbuzi mzima. Madam akapita akikagua, akaona vile viti. "Hivi ni nini njiani? Mama ataanguka!" Na Mama kutoka ndani akadakia, "Nitaanguka! Viondoeni!" Ndiyo, ndiyo. Mama alitaka njia iwe tupu, ndivyo alivyokuwa salama na chuma chake cha miguu minne. Hatukujua kwamba katika nyumba hiyo hiyo kuna mtu mwingine anayetaka njia iwe na kitu.

Nikavitoa vyote vitatu uani, nikavipiga sabuni, nikaviweka juani. Nikarudi nikapiga deki ukumbi, nikasubiri ukauke, nikapitisha na kitambaa kikavu. Sakafu ilikuwa kavu. Hilo nililiapia mbele ya Madam na naliapia mbele yenu. Sikumtelezesha mtu.

Alasiri ikaadhiniwa. Baba akatoka majlisi, kanzu nyeupe, udi unanukia. Akaja na ukuta mpaka mwisho wake. Hapo akasimama. Akatazama ukumbi. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa jikoni na ndoo yangu, nikadhani anashangaa uzuri. Akasimama muda, wanangu. Muda wa mtu kusoma Alhamdu polepole. Kiganja chake kiko ukutani, na uso wake umegeuka kunitazama mimi. Nami kwa furaha yangu yote nikamwambia:

"Pita, Baba, pita! Nimekusafishia njia!"

Akanitazama kidogo zaidi. Kisha akaachilia ukuta.

Alikwenda hatua nne. Ya tano mguu ulikawia kuja, mkono ukatafuta kitu hewani, na hakukuwa na kitu. Alianguka ubavu. Nilisikia mfupa, sitaki kuwaelezea. Nikatupa ndoo nikakimbia, na nilipofika mikono yangu ikasimama juu yake, nusu njia, haijui ishike wapi. Mwanamume ambaye si wangu, yuko chini, na mimi nimepiga magoti nimeinua mikono kama ninaomba dua. Nikapiga kelele kumwita Musyoka. Baba alikuwa mweupe kama kanzu yake. Akasema neno moja.

"Viatu."

Mama akaita kutoka chumbani, sauti juu, "Nani ameanguka? Nani?"

Na Baba, pale pale chini, akakusanya pumzi akamjibu, "Hakuna mtu. Kiti kimeanguka."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimtia vyuma hospitalini, upasuaji ukaenda vizuri, daktari akasema akifanya mazoezi atatembea. Nyumba ya Al-Naseem ilikuwa na ngazi pale mlangoni na Madam alikuwa kazini kutwa, kwa hivyo ikaamuliwa wazee waende Jeddah kwa Nasir, mtaa wa Ruwais, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Baba akakataa ndege. Musyoka akatupeleka kwa gari kutwa nzima, naye akabaki nasi huko. Mimi na Mama nyuma, Baba mbele ameegeshwa kwa mito. Basi njia ile alikuwa mtu mwingine. Akamwonyesha Musyoka pale lori lake lilipokwama mchangani, pale alipokuwa akila chakula cha mchana na madereva wa Kiyemeni, pale penye kona mbaya. "Hapa punguza. Hapa hapa. Sasa achia." Musyoka akamtii kama mwanafunzi. Hakuna kilichokuwa kikimtisha barabarani. Tulipofika na kumshusha, akanyamaza tena.

Ruwais ni mtaa wa zamani, karibu na bahari, unyevu unakula rangi ya kuta na nguo hazikauki. Mama aliupenda, alisema magoti yake yamelainika. Kila siku alipita mbele ya mlango wa Baba na chuma chake, anapiga kelele kwamba leo ndiyo leo, leo ataanguka, na anatembea. Baba alilala tu. Kijana wa mazoezi, Msudani mpole, alikuja mara tatu kwa wiki. "Mzee, mfupa umeshika. Simama nikuone." Baba anajibu kesho. Akirudi, kesho. Nasir akasema baba amechoka, mwacheni apumzike. Madam akipiga simu, anaambiwa amechoka. Msikiti ulikuwa hatua chache, adhana yake ilikuwa ikitikisa dirisha, na Baba anaswali kitandani kwa macho.

Siku moja baada ya alasiri nilimpelekea kahawa. Mama alikuwa kwenye kiti cha pembeni, tasbihi mkononi, kichwa kimelala. Mlango wazi kama ilivyo desturi. Nikaweka kikombe, nikageuka kuondoka.

"Mwanaisha."

Nilishtuka. Siku zote aliniita "ya binti", ewe binti. Sikujua kama jina langu analijua.

"Naam, Baba."

"Kule Riyadh, kila asubuhi ulikuwa ukifuta ukuta."

"Ndiyo, Baba. Ni kazi yangu."

"Nilikuwa nikikuona. Niko majlisi, mlango uko wazi kidogo, nakuona. Ulifuta kila nilipopashika, hukubakisha hata mahali pamoja. Nikajua umejua." Akachukua kikombe. "Nikasema, Alhamdulillahi, huyu mwanamke ananisitiri. Hamwambii Munira, hamwambii mama Nasir, wasije wakanifungia ndani. Anafuta tu, ananyamaza. Nilikuwa nikikuombea dua."

Mimi nimesimama na trei.

"Basi niambie," akasema. "Viti vile ulijua ni vya nini. Mbona uliviondoa?"

Hakuuliza kwa ukali. Ingekuwa nafuu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, mtu aliyelala miezi akilifikiria jambo moja. Nikisema nilijua, basi nilimwondolea viti makusudi, nikamwambia pita. Nikisema sikujua, basi mzee huyu hakuwa na mtu. Miaka miwili mitatu anashika ukuta akiamini kuna mmoja katika nyumba anayeijua hofu yake na kuificha, kumbe yuko peke yake na mfanyakazi anayependa ukuta mweupe. Machozi yakanitoka.

Akaniona. Akanijibia yeye.

"Ulisahau. Ilikuwa Idi, kazi nyingi. Mtu husahau."

Nikasema, "Nilisahau, Baba. Nisamehe."

"Halas, yamekwisha. Nimekusamehe."

Hapo tukasikia tasbihi imekoma. Mama alikuwa hajalala hata kidogo.

"Kumbe na wewe?" akasema. "Miaka yote hii unanicheka mbele ya watoto, kumbe na wewe unaogopa?"

Baba akatazama dari. Nilidhani atasema viatu. Akasema, "Sana."

Mama akanyamaza, na Mama kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Kisha akasema, polepole, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ungeniambia, baba Nasir. Tungeogopa pamoja."

Akaniamuru nilete viti. Nikaleta vitatu, nikavipanga kutoka kitandani kuelekea mlangoni. Kesho yake kijana wa mazoezi alipokuja, Baba hakusema kesho. Alisimama anatetemeka, Mama yuko mbele yake na chuma chake anamtukana kwa mapenzi, akafika kiti cha kwanza. Wiki iliyofuata cha pili. Siku alipofika cha tatu Musyoka alipiga makofi nje ya dirisha, na Baba akaagiza aletewe kahawa pale pale kitini. Kutoka hapo alikuwa akiona mlango wa msikiti na watu wanaoingia. "Inshallah Ramadhani," akasema.

Hakuifikia. Kifua kilimbana mwezi wa Rajabu, siku sita tu, akaenda zake. Miezi ile aliyolala bila kusimama ndiyo iliyommaliza, kijana wa mazoezi alisema hivyo, mapafu ya mtu aliyelala hujaa. Msikitini alifika, lakini kwa mabega ya watu.

Madam Munira alikuja kutoka Riyadh. Mama alikuwa amemwambia yote. Akanikumbatia mbele ya wanawake wote waliokuja matangani, akawaambia huyu ndiye aliyemsitiri baba yangu. Wanawake wakanishika mikono, wakaniombea. Mama akanipa kichupa cha mafuta yake ya udi, bado kina nusu. Nilipokea. Nikaitikia amina kila dua. Nilifanya kazi kwao mpaka ikama yangu ya mwisho, kile kibali cha kukaa, ilipokwisha, na kila Idi waliniita mtu wa siri, nami nikacheka nao. Mpaka leo Mama, kama yu hai, anaamini hivyo.

Basi andikeni haya ya viti na kuta, yatawafaa. Lakini hili lingine si la kuandika, ni la kunisikiliza tu. Baba alinisamehe kusahau. Mimi sikusahau, kwa maana mtu husahau alichokuwa akikijua. Mimi sikujua, na sikujua kwa kuwa yule mzee alipita mbele yangu kila siku na sikumtazama. Msamaha wa hilo sikumwomba akiwa hai, na sasa sina pa kuuombea, ndiyo mnaniona nalia mbele ya watoto wa watu.